Ditekta ya Fluoresensi Imedhoofika? Usikimbilie Kuagiza Taa

Ditekta ya fluoresensi ni sehemu ya mashine ya HPLC (inayotenganisha kemikali za sampuli): hupiga sampuli kwa mwanga wa taa ya zenoni, kisha husoma mng'ao unaotoka. Vilele vya aflatoksini (sumu za ukungu) kwenye chati yake vikianza kufupika, utasikia tu: "Taa imeisha." Mara nyingi haijaisha. Taa ya zenoni ni ghali, na ukibadilisha iliyo nzima bado vilele vitabaki vifupi vilevile. Na kwa sisi wa Mombasa tunaopima mahindi na njugu, ambapo kikomo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote na 5 kwa aina ya B1 peke yake, ditekta isiyoona vizuri si jambo la kuachia wiki ijayo.

Hatua ya 1: Pima maji matupu

Toa safu (bomba linalotenganisha kemikali), pitisha maji safi ya maabara moja kwa moja hadi kwenye ditekta. Weka mwanga wa kuingia nanomita 350, soma unaotoka karibu na 397. Hapo maji yenyewe hutoa kilele cha Raman (mwanga unaotawanywa na maji), bila dawa yoyote. Gawanya urefu wa kilele kwa kelele ya mstari wa msingi (mtikisiko wa mstari pasipo na kilele), andika jibu daftarini. Fanya hivyo taa ikiwa mpya, kisha kila wiki, geini (kiwango cha kukuza ishara) ikiwa ileile. Ukipandisha geini, kelele nayo hupanda, kwa hiyo hujatibu kitu.

Sasa soma majibu. Kilele kimeshuka: ni taa au seli chafu (kichumba kidogo ambamo mwanga hupita kwenye kimiminika). Msingi umepanda: maji yana uchafu unaong'aa, pengine sabuni iliyobaki kwenye chupa, au maji yamelala siku nyingi yakaota mwani, kwa joto letu hayachelewi. Maji yako sawa lakini aflatoksini ziko chini: iache taa, kagua myeyusho wako wa kulinganishia.

Kuna dalili moja naipenda sana. Aflatoksini za aina ya B1 na G1 zimeanguka, B2 na G2 ziko palepale. Maji hufifisha mng'ao wa B1 na G1, ndiyo maana huzibadilisha kwanza kwa bromini au kwa taa ya UV iliyo baada ya safu. Kifaa cha kuzibadilisha ndicho kilicholala. Zenoni haina kosa.

Hatua ya 2: Osha seli

Maji, halafu isopropanoli, halafu maji tena, kwa mwendo wa pole. Ukilazimika kutumia asidi ya nitriki iliyozimuliwa, hakikisha methanoli na asetonitrili zimetoka zote kwa maji kwanza. Asidi hiyo ikikutana nazo ni hatari. Usizibe bomba la kutolea, seli hizi hazivumilii shinikizo kubwa.

Hatua ya 3: Hewa na joto

Oksijeni iliyoyeyuka hupunguza mng'ao, basi kitoa hewa kifanye kazi. Joto likipanda nyuzi moja, kemikali nyingi hupoteza asilimia 1 hadi 2 ya mng'ao. Wakati wa kaskazi, kiyoyozi kikizimwa usiku, vipimo vya asubuhi na vya mchana havitalingana. Ila kisiipulizie mashine moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kuwasha na kuzima

Kila kuwasha taa hula elektrodi zake. Ukienda chakula cha mchana, iache inawaka. Ukimaliza kazi ya siku, izime. Umeme ukikatika, ngoja ipoe ndipo uwashe tena. UPS (betri ya akiba) hapa ni lazima. Asubuhi ipe angalau nusu saa kabla ya sampuli ya kwanza.

Hatua ya 5: Kubadilisha

Seli ni safi, maji ni safi, kilele cha Raman bado kiko chini? Haya, badilisha. Chomoa plagi, ngoja ipoe kabisa. Gesi ya ndani ina shinikizo hata taa ikiwa baridi, kwa hiyo vaa kinga ya uso na glavu nene. Kioo usikiguse kwa vidole vitupu: mafuta ya ngozi huungua pale na kukidhoofisha. Kikiguswa, kipanguse kwa isopropanoli. Rudisha kihesabu saa kwenye sifuri, hakiki urefu wa wimbi, rudia kipimo cha maji, andika namba mpya. Taa kuukuu irudi ndani ya kasha lake la kinga, isitupwe kwenye pipa la kawaida.