Kupima mabadiliko ya vifo Dar es Salaam kwa jedwali la uhai

Idadi ya vifo peke yake haitoshi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani, ya 2022 watu 5,383,728. Vifo vinaweza kuongezeka huku hatari ya kufa ikipungua. Hatari hiyo huonyeshwa na jedwali la uhai, yaani jedwali linaloonyesha, rika kwa rika, wangapi wanafariki na wangapi wanavuka.

Panga vifo na watu katika makundi ya umri: chini ya mwaka 1, miaka 1–4, kisha mitano mitano. Usitumie umri mmoja mmoja, maana wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Kwa kila rika, jumlisha vifo vya miaka mitatu, ugawe kwa mara tatu ya idadi ya watu wa mwaka wa katikati. Hicho ni kiwango cha vifo cha rika hilo, m.

Uwezekano wa kufa ndani ya miaka mitano ni 5m ÷ (1 + 2.5m). Tuseme m ya rika moja ni 0.004: unapata 0.0198. Kati ya watu 90,000 walioingia rika hilo, 1,782 wanafariki, 88,218 wanavuka. Hiyo 2.5 ni nusu ya miaka mitano, ikichukuliwa kuwa vifo vimesambaa sawasawa; kwa watoto wachanga usiiweke, maana wengi hufariki wiki za mwanzo.

Kosa kubwa ni makazi. Anayeletwa Muhimbili kutoka Lindi akafia hapo si kifo cha Dar; mkazi wa Temeke aliyerudishwa kijijini kuuguzwa akafia huko ni cha Dar, na ndiye anayesahaulika. Panga kwa makazi ya kawaida ya marehemu, kamwe si kwa hospitali.

Tengeneza majedwali mawili, wanaume na wanawake, kwa kila kipindi, kisha linganisha rika kwa rika.