Kabla hujaandika "hakuna vimelea": kusoma slaidi ya malaria

Slaidi, yaani kioo chenye damu ya mgonjwa, ikiwa na vimelea vingi hata mwanafunzi wa mazoezi ataisoma. Inayosumbua ni ile inayoonekana safi, kwa sababu ukishaandika hasi daktari anaacha malaria na kutafuta ugonjwa mwingine.

1. Muulize mgonjwa. Amemeza dawa ya mseto? Lini? Wengi hupitia duka la dawa kwanza, na dozi moja tu au mbili zaweza kupunguza vimelea hadi usivione. Jibu lake liandike kwenye fomu.

2. Tandaza tone nene, upana kama milimita 10. Slaidi ikiwekwa juu ya gazeti, maandishi yasomeke kwa taabu kidogo kupitia damu. Likiwa zito mno litabanduka wakati wa kuosha. Tone jembamba liweke pembeni, kwenye slaidi hiyohiyo.

3. Methanoli hugandisha seli, kwa hiyo iguse tone jembamba peke yake; kwenye tone nene seli nyekundu lazima zipasuke ili vimelea vionekane. Hapa niliwahi kuumia. Nilipoanza kazi nilikuwa nakausha slaidi kando ya chupa ya methanoli iliyoachwa wazi. Siku moja slaidi sita zikatoka na doa la rangi ya kutu katikati. Mvuke tu ulikuwa umezigandisha seli nyekundu, hazikupasuka, na chini ya lenzi nikaona vivuli vilivyorundikana. Tatu kati yake nilikuwa nimeshaziandikia hasi! Wagonjwa wawili niliwakuta bado kwenye benchi, wa tatu nikampata kesho yake kwa simu. Tangu siku hiyo chupa ile hukaa chumba kingine.

4. Paka rangi. Giemsa ya asilimia 10, dakika 10, kwenye bafa (maji yanayodumisha kiwango cha asidi) ya pH 7.2, pH ikishuka vimelea hupauka. Changanya mpya kila siku. Ukifungua chupa mpya, anza na slaidi unayojua ina vimelea. Usipoviona humo, usitoe hasi yoyote kwa rangi hiyo.

5. Soma. Tazama seli nyeupe kwanza: kiini kisipokuwa zambarau iliyokolea, slaidi haifai, rudia. Kisha pitia fildi 100 (fildi ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye lenzi) za tone nene kwa lenzi ya mafuta, huku ukichezesha fokasi. Hesabu kwa kaunta ya kubonyeza, usihesabu kichwani. Foleni ikifika mlangoni, 40 hugeuka 100. Ukikuta kitu cha kutilia shaka, ongeza fildi 100 nyingine.

6. Homa ikiendelea, omba slaidi nyingine baada ya saa 12 hadi 24. Vimelea vya falciparum, aina hatari zaidi ya malaria, vikikomaa hung'ang'ania kwenye mishipa midogo ya ndani, kwa hiyo damu ya kidole yaweza kukosa kitu wakati mgonjwa anaugua kweli. Kipimo cha haraka nacho kina mipaka yake: mstari wa kontroli, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea, hilo ni batili, si hasi. Tena Eritrea na Ethiopia wamekutana na vimelea visivyotoa protini ya HRP2, ambayo vipimo vingi vya aina hiyo huitegemea.

7. Andika ulichofanya: "Vimelea havikuonekana, fildi 100, tone nene." Weka saa na saini. Slaidi usiioshe, ifute mafuta taratibu, iingie kwenye sanduku ili mwenzako aisome bila kuona majibu yako.