Umezoea mawe ya Dodoma? Haya yazingatie kabla ya kwenda peke yako kwenye miamba ya pwani

Sisi wa Dodoma hatuogopi mawe. Tumekua tukiparamia majabali nyuma ya nyumba, na itale yetu ni ya kuaminika: kavu, mviringo, inashika kiatu. Sasa treni ya mwendokasi inakufikisha Dar es Salaam kwa chini ya saa nne, na wengi wanashuka na begi moja mgongoni kwenda kutembea miambani peke yao. Jiwe la kule si hili.

Miamba mingi ya pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa, enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Juu ina ncha kama misumari. Chini mawimbi yameitafuna, kwa hiyo ukingo unaosimama kupiga picha unaweza kuwa unaning'inia, chini yake hamna kitu. Kaa mbali na ukingo, na usijibanze chini yake kutafuta kivuli. Kandambili ziache, vaa raba zilizofunika vidole, zenye soli ngumu, kwa sababu kwenye vidimbwi kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Jiwe lenye mwani wa kijani usilikanyage hata kama linaonekana kavu.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kati ya kupwa na kujaa, na kila siku ratiba inachelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi kwa wingi, na Dar es Salaam tofauti hupita mita 3. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Siku za bamvua, Dar maji hupwa kabisa kama saa nne au tano asubuhi, na hujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Yaani anayesubiri jua lipoe, kama tulivyozoea huku, anakutana na bahari ikiwa imejaa pomoni.

Mimi nilijifunza Kigamboni. Nilishuka treni, nikala, nikaingia miambani saa saba na nusu mchana, siku ya bamvua, bila kumuuliza mtu. Macho yangu yalikuwa mbele kwenye mawimbi. Maji yakaja kwa nyuma, kupitia mfereji mmoja mwembamba niliouvuka mkavu muda si mrefu. Nilitoka nimeloa hadi kiunoni, simu nimeinyanyua juu ya kichwa. Baadaye nikaambiwa saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ndizo maji hukimbia zaidi.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la eneo lile lile unalokwenda, ingia maji yakiwa bado yanatoka, na geuka kabla hayajaanza kurudi. Kisha muulize mvuvi. Tena waangalie kina mama wanaochokoa pweza: wakianza kubeba ndoo zao kurudi, nawe rudi, hata kama picha uliyoifuata hujaipata.

Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makali. Kwa safari ya kwanza peke yako chagua miezi mingine. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, maana joto la pwani lina unyevu, jasho halikauki. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, kuna kiingilio.

Mwisho, mwachie mtu maelezo: eneo gani, unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi. Mjulishe na mwenyekiti wa mtaa au wavuvi waliopo, kwa kuwa ndugu yako aliyeko Area C huku Dodoma hawezi kukufikia haraka. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Mkubaliane kabisa: nusu saa ikipita baada ya muda wa kutoka bila simu yako, apige namba hizo.