Kuegesha lori sawasawa nyuma ya planta wakati wa kujaza mbegu

Wiki iliyopita nilishinda shambani na dereva mgeni wa lori la mbegu, lile linalojaza masanduku ya planta, yaani mashine ya kupandia inayovutwa na trekta. Gari analimudu vizuri sana. Tatizo ni kwamba kila akisimama, mdomo wa bomba unaangukia katikati ya masanduku mawili, au lori liko mbali na mpira wa mdomoni haufiki. Rivasi, mbele, rivasi tena, trekta limesimama na wingu linajikusanya. Hivi ndivyo nilivyomwonyesha.

Ninazungumzia planta ya mistari 8, sanduku moja kwa kila mstari, mistari ikiachana kwa sentimita 75, na lori lenye bomba la parafujo ubavuni, yaani bomba lenye skrubu ndefu ndani inayosukuma mbegu. Kama yako ina tangi moja tu la katikati, kusimama mara mbili kwa Hatua ya 4 hakukuhusu.

Hatua ya 1: Trekta litangulie kusimama

Lisimame ukingoni mwa shamba, penye ardhi ngumu na tambarare. Lori lililojaa likiingia kwenye udongo laini linaushindilia, na mimea ya hapo itakuonyesha baadaye. Shusha planta hadi chini, zima injini. Tazama juu. Ukiona nyaya za umeme, hama kabisa, usianze kukadiria kama bomba litazigusa.

Hatua ya 2: Kata fito

Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima msimu wangu wa kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Fito ni kipimo cha umbali kati ya fremu ya nyuma ya planta na ukingo wa tairi la mbele la lori, upande wenye bomba. Unaipata mara moja tu: sogeza lori nyuma ya planta, likiwa sambamba na safu ya masanduku, inua bomba hadi kimo kile kile utakachomwagia, kisha ning'iniza timazi (uzi wenye kizito) kwenye mdomo wake. Sogeza lori mpaka timazi itue katikati ya sanduku. Pima, kata fito kwa urefu huo, ipake rangi. Usipoipaka rangi itaishia kuwa kuni.

Kosa langu lilikuwa kupima bomba likiwa limeinuliwa sana. Bomba la mita 4 lililoinuliwa nyuzi 60 linafika mita 2 tu kwenda pembeni kutoka pale lilipofungwa. Lishushe hadi nyuzi 45, linafika mita 2.8. Nilipima likiwa juu, nikafika shambani nikalishusha kidogo ili mbegu zisirukeruke, mdomo ukavuka masanduku na kumwaga upande wa pili. Nikaamini nimeegesha vibaya, nikaegesha upya mara sijui ngapi. Lori lilikuwa mahali pake, bomba ndilo lililobadilika. Siku hizi nimepiga alama ya rangi kwenye mguu wa bomba: hapo ndipo kimo cha kazi, na hakuna anayeruhusiwa kulisogeza kutafuta bahati.

Jingine: pima lori likiwa na mzigo. Likipungua mzigo, springi zinanyanyuka na mdomo unapanda nazo. Tofauti ni ndogo, na mpira uliofungwa mbele ya mdomo unaimeza, ilimradi hukuukata mfupi kwa ubahili. Ukibadilisha mpira au saizi ya matairi, kata fito nyingine.

Kuna wanaofunga kamera. Ninayo pia. Vumbi la mbegu zilizotiwa dawa likishaipaka unaona ukungu tu. Fito haina ukungu.

Hatua ya 3: Chora mstari

Utingo aweke fito kwenye fremu ya planta upande wa kushoto, aangushe konzi ya chokaa inapoishia. Arudie kulia. Ncha zote mbili, tafadhali. Ukipima moja tu lori litakaa mshazari na sanduku la mwisho halifikiwi. Dereva aje kwa mbele, si kwa rivasi, tairi la mbele likifuata chokaa, na lori liwe limenyooka kabla ya kufika kwenye planta. Matairi ya nyuma yakiwa mawilimawili yanatokeza nje zaidi ya la mbele, kwa hiyo ukikata kona ukiwa umeshakaribia, hayo ndiyo yatakayogonga fremu.

Hatua ya 4: Pa kusimama

Masanduku 8 nayagawa manne manne. Katikati ya kundi la kwanza hadi katikati ya la pili ni mita 3, basi lori linasimama mara mbili tu, na mpira unahitaji kufika kama mita 1.2 kila upande. Funga kitambaa chekundu kwenye fremu katikati ya kila kundi.

Dereva asilenge kitambaa kwa alama moja ya kioo. Akiinamisha kichwa kidogo, alama inahama. Bandika utepe kwenye kioo cha mlango na mwingine kwenye mkono wa kioo cha pembeni, ukilinganisha wakati mdomo uko mahali pake. Tepe zote mbili na kitambaa zikiwa mstari mmoja, simama.

Mtu mmoja tu atoe ishara, na asisimame kati ya lori na planta. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo, naye hakuoni.

Hatua ya 5: Mwaga

Hendibreki, vigingi kwenye matairi, barakoa na glavu, upepo uwe mgongoni. Kabla ya kusogea zile mita 3, zima bomba na utoe mpira kwenye sanduku. Nimeshaona mpira ukivutwa pamoja na mfuniko wake. Mbegu zenye dawa zilizomwagika zikusanye zote kabla ya kuondoka, ndege wanazifuata upesi.