Ukaguzi wa malezi ya kambo Dar es Salaam: jinsi ya kujiandaa, na jinsi ya kudai ufanyike

Utata huanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani tukisema "wa kambo" tunamfikiria mtu aliyeoa au kuolewa na mzazi wa mtoto. Katika Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, na katika kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2012, malezi ya kambo ni mpango ambao mtoto aliyekosa uangalizi wa wazazi anawekwa katika familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa, huku ofisa ustawi wa jamii akiendelea kumfuatilia. Jambo hili ni tofauti na kuasili, ambako hukumu hutolewa na Mahakama Kuu na mtoto akawa wa yule aliyemwasili. Mlezi wa kambo amepewa dhamana tu, na mwenye dhamana hana budi kukaguliwa.

Tuondoe hofu moja kabla ya kuendelea. Mtoto wa kaka yako aliyeletwa kutoka Tanga ili asome Temeke anaishi kwa ndugu zake kama ilivyo desturi yetu, na hakuna anayekutaka uombe kibali cha malezi ya kambo kwa ajili yake. Hali hubadilika pale unapokutana na mtoto usiyemjua, tuseme amezubaa peke yake katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, ukamhurumia na kumpeleka nyumbani. Huruma yako ni njema, lakini ukikaa naye kimya utajiweka matatani na utamnyima mtoto nafasi ya kutafutiwa wazazi wake. Mpeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au toa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Kama atahitaji pa kulala, ofisa ustawi wa jamii anaweza kumpeleka kwa mlezi wa kuaminika, yaani mtu aliyekwisha kuteuliwa na kuandaliwa kupokea watoto kwa dharura na kwa muda mfupi.

Sasa ni nani hasa anayekagua? Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo ndilo Ilala ya zamani, na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Sheria imeipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na wajibu huo hutekelezwa na maofisa ustawi wa jamii walio chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Hata hivyo, kitaaluma maofisa hao humtazama Kamishna wa Ustawi wa Jamii, aliye katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalumu. Mwananchi anayesumbuliwa na "nenda kule, rudi huku" mara nyingi amenaswa kati ya ngazi hizi mbili. Njia fupi ni kuanzia kwa ofisa wa kata yako, na asipokuwepo, kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Usianzie wizarani, kwa sababu faili lako litateremshwa hukohuko ulikopaswa kuanzia.

Ukaguzi wa kwanza hufanyika kabla mtoto hajaletwa. Ofisa huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoeleza wewe ni nani, unaishi na nani, unapataje riziki, afya yako ikoje na kwa nini unamtaka mtoto. Andaa kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na uthibitisho wa kipato, hata kama kipato chenyewe kinatokana na genge la nyanya. Umaskini wa heshima haumwangushi mtu kama uongo unavyomwangusha. Waeleze pia watu wote wa nyumbani juu ya ujio huo, kwa maana ofisa atazungumza nao, na mume anayesikia habari za mtoto kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni hutia shaka kubwa kuliko paa linalovuja.

Wengi hudhani mkaguzi huja kutazama sebule, hivyo hufagia uwanja na kutandika vitambaa vipya kwenye makochi. Ofisa mzoefu huomba kuonyeshwa mahali mtoto anapolala, kisha akatulia hapo. Hutazama kama chandarua kimefungwa au kimekunjwa juu ya kabati, kama godoro ni lake peke yake, kama nguo zake zina mahali pake au zimo kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango, na mlango huo unafungwaje usiku na nani. Huomba daftari la shule na kufunua kurasa za mwisho, ambako tarehe ya masahihisho ya mwalimu humweleza kama mtoto amehudhuria wiki hii. Huuliza kadi ya kliniki au daftari la hospitali. Akiona kwamba watoto wako wa kuzaa wana sare mpya na huyu amevaa iliyochanika, hatasema neno, ataandika.

Baada ya hapo atataka kuongea na mtoto faraghani. Naliona hili kuwa kiini cha ukaguzi wote, na ndilo linalorukwa kirahisi zaidi, kwa kuwa katika nyumba zetu si adabu mgeni kumtenga mwenyeji na mtoto wake. Usikae mlangoni na wala usimwite mtoto aje kuchota maji katikati ya mazungumzo. Kama nyumba ni ya chumba na sebule na wapangaji wamejaa uani, pendekeza wakakae chini ya mti au shuleni kwake. Na usimfundishe majibu, kwani mtoto wa miaka saba anayejibu kama anasoma risala humshtua ofisa yeyote.

Mtoto akishapokelewa, ziara huendelea, nyingine kwa taarifa na nyingine bila hodi ya mapema. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 25 kwamba mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka ana haki ya kupitiwa hali yake mara kwa mara. Kwa hiyo ziara ni haki ya mtoto. Fungua daftari la kurasa 96 na uandike humo tarehe ya kila ziara, jina la ofisa, alichoshauri, siku mtoto alipougua, dawa alizopewa, siku alipoongea na ndugu zake wa damu na jinsi alivyokuwa baada ya kuongea nao. Mwombe ofisa asaini. Maofisa huhamishwa, na anayekuja hukuta faili lenye karatasi mbili. Daftari lako ndilo litakalomsimulia yaliyotokea.

Makao ya watoto hukaguliwa kwa kanuni zake, na hayaruhusiwi kuendeshwa bila leseni. Ukiombwa kumpeleka mtoto au kutoa msaada mahali pa namna hiyo, omba kuiona leseni na usome tarehe ya kuisha muda wake.

Itakuwaje basi miezi ikipita bila mtu kuja? Andika barua kwa mkuu wa Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe ya halmashauri yako, utaje tarehe ya ziara ya mwisho, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nakala ya barua hiyo iende kwa mkurugenzi, halafu kwa ofisa ustawi wa jamii wa mkoa. Anayekuomba "ya soda" ili aandike taarifa nzuri aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi. Jirani anayesikia kilio cha kila usiku nyumbani kwa mlezi asingoje barua wala ziara, apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, nayo ni bure. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wake pia inapaswa kulishughulikia. Suala likihitaji amri ya mahakama, kwa Dar es Salaam ipo Mahakama ya Watoto pale Kisutu.

Ziara ya mwisho ni ile ya kumrudisha mtoto kwa wazazi au ndugu zake. Siku hiyo mkabidhi ofisa vitu vyote kwa orodha iliyoandikwa: nguo, madaftari, cheti cha kuzaliwa kama kilipatikana, kadi ya kliniki na picha alizopigwa akiwa kwako. Pande zote zisaini, nakala moja ibaki kwako, nyingine iingie kwenye faili lake.