Namna ya kumpa mwenzako albamu aisikilize kweli

Ukimuuliza mtu ghafla ni albamu gani anaipenda kuliko zote, unamfunga mdomo. Anaanza kufikiria heshima yake, anataja ile inayotajwa na kila mtu, na maongezi yanaishia hapo. Sisi tunaokutana jioni za Jumapili barazani kwa shemeji yangu, hapa Morogoro, huanza na swali jepesi: wiki hii umesikiliza nini? Hilo hata mgeni ana jibu lake. Mmoja atasema alikuwa anapika huku kanda ya Sikinde inalia, mwingine ameng'ang'ania wimbo mmoja wa Kilingala tangu Jumatatu. Albamu ya moyoni hujitokeza yenyewe baadaye, watu wakishazoeana.

Ikifika zamu yako, leta moja. Ukimtumia mtu nyimbo arobaini kwenye simu, hatasikiliza hata mmoja. Na usijinyime kwa sababu unachokipenda hakina jalada zuri wala jina la kampuni. Bendi zetu nyingi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri za dansi la Tanzania zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Kwa hiyo kazi nyingi kubwa zimetufikia kwa kanda za kurekodiana, au kwa mikusanyiko iliyotolewa miaka mingi baadaye. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki 1965. Mkusanyiko wa nyimbo zake, Ngoma Iko Huku, ulitoka 2000. Huo nao ulete, ni albamu kamili. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na bendi ya Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, na sehemu kubwa ya watu wa rika langu tumemjua kupitia zile santuri za nyimbo zake zilizoitwa Ukumbusho.

Kabla hujabonyeza chochote, sema maneno machache: ni nani, ametokea wapi, amerekodi wapi, na sikio liwekwe wapi. Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau, na ndilo lenye kazi yote. Nikileta Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, kwa mfano, nasema hivi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo. Akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akaingia Super Matimila. Albamu hii ilitoka 1989 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Mji ulimpenda mpaka kituo cha daladala kikaitwa Sinza kwa Remmy. Basi, inatosha, habari za maisha yake yote zinaweza kungoja. Halafu naanzia Muziki Asili Yake Wapi, ingawa hauko mwanzoni mwa albamu, kwa sababu jina lake tu linamfanya msikilizaji akae na swali. Nawaambia: mwacheni Remmy aimbe, ninyi fuateni gitaa moja tu, lolote, toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu akishika gitaa moja, ghafla anaanza kuyasikia na mengine yanavyopishana. Nimeona watu waliokuwa wakichezea simu wakiziweka chini.

Halafu acha wimbo uishe. Hapa sina masihara hata kidogo. Dansi letu huanza taratibu: mwimbaji anatoa kisa chake, waitikiaji wanampokea, na ukishadhani umeuelewa wimbo, magitaa yanabadilika na chemko, ile sehemu ya haraka ya kucheza, linaingia. Ukikata dakika ya tatu umekata wimbo kabla haujafika ulikokuwa unakwenda. Zile santuri ndogo za zamani zilikuwa na taabu hii pia: wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Baadhi ya nakala zinazozunguka kwenye simu zina upande mmoja tu. Wimbo ukififia ghafla wakati mambo ndiyo yanaanza kunoga, shuku hivyo na utafute nusu yake kabla hujampelekea mtu.

Spika nayo ina neno. Simu peke yake haina besi, na dansi bila besi halijasimama. Kama huna spika ya bluetooth, mpe mwenzako earphone zote mbili, usigawane naye moja moja.

Nyimbo za Kiswahili, usizitafsiri wala kuzisimulia mapema. Kama ni kisa cha mke na mume, mwache msikilizaji ajue mwenyewe nani mwenye makosa. Nusu ya raha ya baraza letu ni kubishana juu ya hilo. Za Kilingala ni tofauti. Tafuta anayejua lugha akupe maana ya beti kuu. Mario wa Franco, mwanamuziki wa Kongo, wa 1985, hupendwa na watu wasiojua kwamba anamsema kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Wakishaambiwa, wanaomba urudiwe.

Sasa upande wa kupokea, ambao kwangu ni mgumu kuliko wa kutoa. Mwenzako akikuletea albamu yake, usimjibu papo hapo kwa kutaja ya kwako. Isikilize, kisha mrudie na kitu kimoja ulichokisikia humo: saksafoni iliyochelewa kuingia, mstari mmoja wa maneno, chochote. Kama hukuipenda, mwambie ni wapi ilikuacha. Mpwa wangu alikuja na Machozi Jasho na Damu ya rapa Professor Jay, ya 2001, na wazee wawili barazani walianza kuguna. Nikawaomba wasikilize Ndio Mzee kama wanavyosikiliza mkutano wa hadhara: mgombea anaahidi, umati unaitikia. Mzee mmoja akasema, "Kumbe huyu anaimba na waitikiaji kama sisi." Toka siku hiyo anamwita mpwa wangu mwalimu, na kijana naye hafiki bila kumwamkia kwanza na kumuuliza habari za Morogoro Jazz na safari yao ya Expo 70, maonyesho ya dunia kule Osaka, Japani.

Weka daftari. Andika tarehe, jina la albamu, aliyeileta, na sentensi moja ya alichosema. Majina ya wapigaji yaandike pia kila ukiyapata, maana kwenye kanda za kurekodiana hayapo, na mzee anayemkumbuka mpiga solo leo hatakuwepo siku zote. Kazi inayouzwa, inunue. Wanamuziki hawa wana familia.

La mwisho ni kwa wenye kanda. Usiazimishe kanda ya asili, azimisha nakala. Kabla haijatoka mkononi, irudishe mwanzo, na utazame mgongoni: kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje kwa ncha ya kisu. Baada ya hapo kitufe cha kurekodi hakishuki, hata kikibonyezwa na mtoto. Siku ukitaka kurekodi tena juu yake, bandika selotepu kwenye vitundu hivyo.