Jenereta kubwa, kazi ndogo: kupunguza dizeli saiti za Lamu

Kabla ya kuwasha jenereta asubuhi, chungulia viungo vya ekzosi yake. Ukikuta majimaji meusi mazito yamechuruzika mpaka kwenye fremu, mara nyingi jenereta hiyo ni kubwa kuliko kazi. Injini ya dizeli inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, hugeuka masizi na kuganda kwenye ringi na vali. Na hapa kisiwani kila lita imeshapakiwa Mokowe, gati la upande wa bara, ikavushwa kwa boti, ikapandishwa ufukweni. Ikiungua, lita moja hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Kama nguzo za Kenya Power ziko karibu, omba umeme wa muda hata kabla ya kuchimba msingi. Lamu imeunganishwa na gridi ya taifa, na umeme mwingi wa Kenya hutoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Umeme huo ukifika, jenereta ibaki ya akiba tu.

Kama haufiki, pima mzigo. Bana waya wa kila fezi kwa klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje) kila nusu saa, siku tatu za kazi za kawaida. Volti (za fezi kwa nyutro) mara ampea mara 0.8, gawanya kwa 1,000, upate kilowati. Jumlisha fezi zote. Saiti ya nyumba ya ghorofa yenye mashine ya zege ya kilowati 2.2, pampu ya 1.1 na grainda moja mara nyingi haizidi kilowati 4 kwa wakati mmoja. Jenereta ya kVA 30 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) hutoa kilowati 24, yaani 30 mara 0.8, kwa hiyo inafanya kazi kwa asilimia 17 tu.

Watu hukodi kubwa kwa sababu ya kuwasha mota: wakati wa kuanza, mota huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida. Basi mwambie fundi umeme afunge kianzishi laini, kifaa cha kuwasha mota polepole, kwenye mashine ya zege, nayo iwashwe kwanza, pampu ifuate. Hapo kVA 15 inatosha.

Usiku ndipo mafuta yanapopotea hasa. Taa za mlinzi na chaja za simu hazizidi wati 200, lakini jenereta kubwa itakunywa lita moja na zaidi kila saa kwa ajili yake. Funga betri ya lithiamu ya volti 48, ampea-saa 100, pamoja na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa jenereta. Saa 12 za taa ni kilowati-saa 2.4, inveta yenyewe itakula kama 0.6, na betri ina 4 za kutumia bila kuichosha. Ukichagua betri za madini ya risasi, usizishushe chini ya nusu, hivyo nunua uwezo mkubwa zaidi.

Ichaji mchana jenereta ikiwa tayari inafanya kazi: kilowati 2 za chaja juu ya 4 za kazi huifikisha kVA 15 nusu ya uwezo wake, nayo inaungua vizuri. Paneli nne za wati 400 juu ya dari bapa zinaweza kuijaza bila dizeli siku ya jua. Chumvi ya bahari hula viungio, kwa hiyo tumia vya kuzuia maji na uvikague kila mwezi.

Waya nao una hesabu yake. Pampu iliyo mita 50 kwa waya wa milimita za mraba 1.5 ikivuta ampea 12 hupoteza volti 14 hivi, ikapata moto na kusukuma kidogo. Weka wa milimita za mraba 4, hasara ishuke kuwa volti 5 au 6.

Vumbi la kukata mawe ya matumbawe huziba chujio la hewa haraka. Moshi mweusi ukitoka mzigo ukiwa wa kawaida, anza hapo. Dizeli iliyokuja kwa madumu iache itulie siku nzima, uvute kutoka juu, na kila asubuhi fungua koki ya chini ya tangi mpaka maji yaishe.